Kinata cha Makete

Sekela mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda Mabibo kuwaaga wenzako wa chuo, umesema jioni utakuwa umerudi. Kwa hiyo nina kama masaa matatu, nyumba kimya, na jua la Chamazi linapiga bati mpaka linalia. Nimekaa mezani na kalamu ya kazini. Cheka tu. Baba mwenye simu mbili anamwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili.

Habari za sweta, za kutunza vyeti, za kusalimia watu wa kule Makete kwa adabu, mie sina. Shangazi zako wamekujaza masikio wiki nzima. Mie nina jambo moja, na limenishinda kulisema kwa mdomo miaka kumi na tano. Wiki hii peke yake nimekuita mara nne nikwambie, ukaja, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Ni hivi. Lile kopo ulilolifunga kwenye boksi la biskuti, lenye kinata unachokwenda kukipanda kwenye kaburi la mama yako: sijui kama ni kinata cha mama yako. Narudia ili usidhani nimeandika vibaya. Sijui.

Ngoja nianze mwanzo. Mengi unayajua, lakini vumilia, nikianzia katikati nitaruka pale penye aibu. Najijua.

Wanawake wengine walikuja na ndoa wakaleta vyombo. Mama yako, mwalimu wa baiolojia, binti wa Makete, aliniletea makopo mawili ya majani yanayokula nzi. Vitabuni yana jina lao, drosera, ila sie humu ndani tuliyaita vinata kwa sababu ukigusa jani linanata. Kila unywele wa jani una tone, na hilo tone halikauki hata saa saba ya mchana, jua la utosi. Nzi anakuja kunywa, anashikwa mguu, kisha jani linaanza kumkunja, taratibu, bila haraka yoyote. Mara ya kwanza kuona nilikuwa nakula wali. Nilisogeza sahani, na mama yako akacheka mpaka akakaa chini.

Kopo moja lilitoka nyumbani kwao Makete, kwenye ile mbuga ya maji nyuma ya kwa bibi yako. La pili alilitoa kwenye bonde moja huko Mkuranga, siku alipopeleka wanafunzi. Nikamwambia, "Mama Sekela, si ni kitu kilekile?" Akasema, "Ni kilekile, baba, lakini si cha palepale." Akanionyesha. Cha Makete kilikuwa kifupi, chekundu, kimejilaza chini kama kisahani. Cha Mkuranga kilikuwa kijani, kirefu, kina shina linaloegemea ukingo wa kopo. Cha Mkuranga mwaka mzima kipo macho. Cha Makete ikifika mwezi wa sita kinajikunja, kinakuwa kidonge cha kahawia, kinalala, hata hapa Dar tunakotoka jasho. Alisema ni baridi ya kwao iliyowafundisha, na hawajasahau.

Kila kopo lilikuwa na kijiti cha askrimu, kimeandikwa mahali kilipotoka. Hicho kijiti alikilinda kuliko cheti cha ndoa. Alisema ukipoteza kijiti ulichobaki nacho ni majani tu. Na alikuwa na katazo moja ambalo nililisikia mara mia: cha Mkuranga kisiende kupandwa Makete hata siku moja. "Wakizaana, watoto watasahau kulala," alisema. "Barafu ya asubuhi itawakuta macho." Alivyolisema, ungedhani ni watoto wa watu.

Katazo la pili lilikuwa maji. Ya mvua tu, yale ya kwenye pipa. Na mvua ikigoma, alinifundisha nikinge yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha ofisini kwetu Chang'ombe, maana hayana chumvi. Ya kisima, mwiko. Maji ya kisima chetu unayajua, ukichemshia chai mara mbili sufuria inaota ukoko mweupe.

Ulikuwa na miaka minane alipolazwa. Ilikuwa mwezi wa kwanza na mvua hakuna, pipa limekauka mpaka limepasuka. Mie natoka kiwandani, nakwenda hospitali, narudi huku kukupikia uji. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kipuuzi mpaka leo nikilikumbuka najisonya. Nilikuwa naona haya. Naona haya wenzangu wa stoo wanione mzee mzima nimeinama chini ya kiyoyozi na chupa, nakinga matone. Mmoja alishaniuliza, "Braza, dawa ya mganga hiyo?" wakacheka wote. Siku ya pili yake sikukinga. Nikarudi nyumbani, nikachota ndoo ya kisima, nikamwagilia. Nikajiambia mara moja haiui. Nikafanya hivyo siku sita.

Matone yalikauka kwanza. Kisha majani ya cha Makete yakawa meusi kuanzia nchani, yakaingia ndani, kikabaki kisiki cheusi kidogo kama cha njiti ya kiberiti. Cha Mkuranga kilinuna lakini hakikufa.

Mama yako kila nikienda ananiuliza, "Kinata changu?" Nikasema kipo, kizuri, kimetoa na ua. Akauliza, "Ua rangi gani?" Nikasema pinki. Aliniangalia, Sekela. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, akaniangalia muda mrefu bila kupepesa. Akasema polepole, "Mbona mie nakiona kimelala?"

Nikamwambia ni dawa hizo zinakuchezea. Siku ya pili yake alfajiri walinipigia simu. Neno langu la mwisho kwa mke wangu lilikuwa uongo, na alijua. Iliniuma na inaniuma, sina namna nzuri ya kuliandika hilo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Msiba umejaa, mikeka mpaka barazani, akina mama wanaimba, wajomba zako wananitafuta kwa ajili ya gari la kusafirisha mwili. Mie nipo nyuma ya choo na kijiko cha chai. Nilichukua chipukizi la kinata cha Mkuranga, nikalipandikiza kwenye kopo la Makete, pembeni ya kile kisiki cheusi. Sikukitoa kisiki, nilikuwa na haraka, nilikifukia tu. Nikarudishia kijiti kilichoandikwa Makete kwa mwandiko wake. Nilikuwa nakuwazia wewe tu, haki ya Mungu. Mama hayupo, ukirudi umkose na kinata chake? Nikaona hilo silimudu.

Tulimzika kwao Makete, tukarudi. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nanyoa ndevu dirishani, nikakusikia upo uani na sare za shule, umechuchumaa mbele ya kopo. "Shikamoo mama," ukasema. Nilijikata shavu. Alama yake unaiona, ile uliyokuwa unaniuliza nikakwambia ni ya mpira.

Nikakufuata nikakuuliza nani kakufundisha. Ukasema, "Mama kasema akichelewa kurudi nimsalimie hapo." Nikauliza, kasema lini? Ukasema juzi. Juzi yake tulikuwa ndani ya basi tunarudi kutoka kuzika.

Nilijiambia mtoto wa miaka minane juzi yake inaweza kuwa mwaka jana. Nikakuvalisha viatu, nikakupeleka shule. Ila kuanzia siku ile nilikuwaga sipiti uani bila kukohoa kwanza.

Likaja suala la maji. Nilikuwa nimerudia kukinga ya kiyoyozi, safari hii mbele ya kila mtu, wacheke wanavyotaka. Jumamosi moja nimebeba ndoo ya kisima nafua mashuka, napita karibu na makopo, ukanishika suruali. Ukasema, "Baba, mama anasema sio ya kisima tena." Sekela, kile kitu nilikuwa sijamwambia mtu yeyote duniani. Wewe hukuwepo, ulikuwa unashinda kwa jirani mpaka nirudi. Nilitua ndoo chini nikaingia ndani nikakaa kitandani, mashuka yakakaa kwenye sabuni mpaka jioni.

Mwezi wa sita ukafika. Nakumbuka ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, bado nina tai. Cha Mkuranga kipo kwenye kopo lake, kirefu, kijani, kimenasa nzi watatu. Na lile chipukizi nililolichomoa kwake kwa mkono wangu, mtoto wake wa kumzaa, lilikuwa limekuwa fupi. Jekundu. Limejilaza kisahani. Na katikati limeanza kujikunja. Wiki ile ile likawa kidonge cha kahawia, likalala.

Wewe ulifurahi. Ulisema mama amechoka, anapumzika. Mie nilingoja umekwenda mafundisho ya kanisani, nikalitia kopo kwenye mfuko wa rambo nikatembea nalo mpaka kule jalalani karibu na uwanja. Nikasimama. Watu wanapita wanakwenda kwenye mpira, vuvuzela zinalia, mchana kweupe, na mie mtu mzima na mfuko mkononi. Nilishindwa. Nilirudi nalo nikaliweka mahali pake, na uliporudi ukaniuliza, "Baba, mlikwenda wapi?" Mlikwenda. Ndivyo ulivyouliza.

Nikamtafuta Mwalimu Asheri, aliyekuwa akifundisha na mama yako, yule mpole wa miwani. Huyo ndiye mtu pekee niliyemweleza. Hakucheka. Alisema inawezekana kile kisiki hakikufa, vinata vya baridi huwa na mzizi unaojificha, pengine kiliamka chini kwa chini na lile chipukizi la Mkuranga ndilo lililokufa, nami sikuona badiliko. Au ni kopo, au kivuli cha ukuta, ndivyo vilivyokifupisha. Nikamuuliza, wewe mwenyewe unaamini lipi? Akavua miwani akaifuta. "Mie naamini usikichimbe," akasema. Sijakichimba mpaka leo.

Kuna na la Hilda, na hili ndilo linalonifanya nisipate usingizi mzuri kuliko mizimu yote. Unamkumbuka, yule dada wa kazini aliyekuwa akija na chapati. Tulitaka kuoana. Ulikuwa darasa la saba. Siku moja akaacha kuja, ukanifuata chumbani unalia, ukaniuliza, "Ni kwa sababu yangu?" Nikakwambia watu wazima wana mambo yao, nenda kalale. Hukuwa wewe, mwanangu. Hilda alikuwa amekaa uani anachambua mchele mchana, peke yake, akasikia mtu anamuita kwa jina lake la ubatizo ambalo hata mie nilikuwa silijui. Alikuja kuniambia nikiwa kazini, bado ana punje za mchele kwenye kanga. "Nyumba yako ina mtu," akasema, "na huyo mtu hajaachwa vizuri." Nilimkasirikia sana. Nilimwita mshirikina. Kumbe alikuwa amesema kweli kwa namna yake, mie ndiye niliyemwacha vibaya, kwa ua la pinki lisilokuwepo. Na wewe ukakua ukijua umemkimbiza mwanamke wa baba yako. Nisamehe hilo kwanza kabla ya mengine.

Sina cha kukufundisha kuhusu uongo, wewe ni nesi, utaulizwa maswali na wagonjwa usiku na mchana, utajua mwenyewe la kujibu. Ninachoweza kukwambia ni kilichonitokea mie. Nilidhani nimesema uongo mmoja, mdogo, wa huruma. Uongo huo ukaja ukataka kopo, ukataka kijiti, ukataka alama ya shavuni, ukataka Hilda aondoke kimyakimya. Kila mwaka ulikuwa unadai kumwagiliwa, na mie ndiye niliyekuwa naumwagilia. Na wakati wote huo ningeweza kukukalisha chini dakika tano, ukalia, ukanichukia wiki mbili, yakaisha.

Ajira zilipotoka ukapangiwa zahanati ya Makete, nilicheka kwa nguvu, ukadhani ni furaha. Ilikuwa woga. Kwa nchi hii ilivyo kubwa! Halafu ukasema, "Nitamrudisha mama kwao," ukaanza kutafuta boksi. Usiku na mchana nakuona umepiga magoti pale kaburini unachimba. Kaburi lipo hatua kumi tu kutoka kwenye ile mbuga ya maji, umeshafika, unapajua. Kikiwa cha Makete, sawa, kimefika kwao. Kikiwa cha Mkuranga, basi ama barafu itakiua na wewe utamzika mama yako mara ya pili kwa mikono yako, ama kitaishi, kitoe ua, kichanganyike na wale wa pale, na lile katazo moja alilonipa litakuwa limevunjwa juu ya kifua chake mwenyewe. Na aliyelivunja ni mie, wewe umetumwa tu bila kujua.

Mwalimu Asheri nimempigia juzi. Anasema kisipandwe. Kikae dirishani kwa bibi yako, ndani ya kopo lake, msimu mmoja wa baridi. Kulala, anasema, kimeshaonyesha kwamba kinajua. Kuamka baada ya barafu hakuigwi. Kikiamka, mpelekee mama yako. Kisipoamka, basi kilikuwa mgeni, na mgeni huyo amekusikia ukimsalimia miaka kumi na tano, mzike kwa heshima mbali na maji.

Leo ulipoondoka nimefungua boksi. Usinikasirikie, nitalifunga vilevile. Nimeliweka kopo hapa mezani, mbele ya karatasi. Kinata kinang'aa matone, kila unywele na tone lake, na humu ndani hakuna mvua wala umande. Nikakisalimia. Mie, baba yako, kwa mara ya kwanza. Sikusema shikamoo, nilisema jina lake la nyumbani ambalo ni letu wawili, hilo sikuandikii. Nikamwambia: hakikutoa ua. Nilikimwagilia maji ya kisima kwa sababu nilikuwa naona haya watu wa stoo. Nilikuulia kinata chako, nikakudanganya ukiwa kitandani, nikamdanganya na mtoto. Nikaweka kidole juu ya jani moja, sijui kwa nini, mtu hufanya kitu gani na mkono wake wakati kama huo?

Sijakitoa. Ukurasa huu wote naandika kwa mkono mmoja, ndio maana mwandiko umepinda. Kwanza hakikufanya kitu. Halafu nywele za pembeni zikaanza kuinama, moja, halafu nyingine, zinakuja taratibu bila haraka yoyote, na sasa zimelala juu ya ngozi yangu, zinanata, za baridi. Baridi kweli, Sekela, kwenye chumba ambacho shati limenigandia mgongoni. Nikivuta nitalikata jani, kwa hiyo sivuti. Sijui kama nimesamehewa au nimedhaniwa nzi. Nimelia kidogo, halafu nimecheka, halafu nimelia tena.

Mwenye kukijua ni baridi ya kule, na mwenye kukibeba ni wewe. Ukitaka kukiacha, kiache, matone ya kiyoyozi nitakinga mpaka nistaafu. Ukitaka kwenda nacho, nenda nacho ukijua. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, hilo nalo umeniweza, nitakuwa nimelistahili.

Lakini ningeomba hivi. Barua nitaiweka juu ya begi lako, lipo hapa ubavuni mwangu. Mie nitakuwa hapahapa mezani, siwezi kwenda popote, nimekwambia nimeshikwa. Usinitumie meseji kutoka chumbani kama mnavyofanya siku hizi. Ukimaliza kusoma, njoo unigombeze.

Baba yako